Makasha Thelathini na Saba

Ulimboka hakuwahi kuwa na kitu kimoja kimoja. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni, miwani miwili, chaja mbili, na ufunguo wa nyumba yake ya Nzuguni ulikuwa na pacha kwa jirani na pacha mwingine kwenye droo yangu. Tulimwita Bwana Mbilimbili, wala hakukasirika. Alisema kitu ukiwa nacho kimoja hujakimiliki, umeazimwa tu.

Sababu nilikuja kuijua baadaye, siku moja tunakula ugali na mlenda kwa mama ntilie wa nyuma ya ofisi, Makole. Mama yake alifariki kule Tukuyu yeye akiwa na miaka minne. Familia ilikuwa na picha yake moja, imetundikwa sebuleni, na nyumba ikaungua. "Dada Dorothea," aliniambia, "mimi mama yangu simjui sura. Watu wakisema nimefanana naye, naitikia tu." Halafu akaendelea kula. Nilitamani kumwambia neno la maana, nikaishia kumwongezea mlenda.

Mimi ni mtunza masjala. Miaka ishirini na sita nimefungua majalada na kuyafunga, na mengine nimeyatoa chini ya meza za wakubwa yakiwa na alama za vikombe vya chai. Nayasema haya mapema ili mtu asiulize mama wa karatasi ameingiaje kwenye habari za mtu wa kompyuta. Nimeingia kwa sababu Ulimboka ndiye mtu pekee wa idara ya TEHAMA aliyewahi kuja masjala kuniuliza tunavyofanya kazi. Wenzake walikuja kupima chumba changu kwa futi, waone kama kinafaa kuwekwa viyoyozi vyao.

Ofisi yetu sitaitaja jina, bado sijastaafu. Mwaka ule ilipewa kazi ya kuhamisha makaburi. Mji unapanuka, na kila unakopanuka unakuta watu wamelala. Kijiji kimoja kupita Msalato kilikuwa na makaburi mia mbili na kitu, mengine nyuma ya nyumba, mengine pembezoni mwa mashamba ya mtama. Kazi yenyewe ilikuwa kufukua, kuweka mabaki kwenye kasha, kuandikisha, na kulihifadhi kasha kwenye kontena. Kisha siku moja makasha yote yangezikwa eneo jipya, kwa ibada yenye mgeni rasmi.

Wazee wa kijiji walikubali kwa sharti moja: kasha lisiandikwe jina. Mifupa yenye jina ikilala kontena majuma manne, walisema, mwenye roho mbaya anajua aibe ipi. Vijana wa ofisini walicheka chinichini. Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa, sikucheka. Basi kila kasha likabandikwa kibandiko chenye mistari myeusi, kama ile ya kwenye pakiti za sabuni, bila hata tarakimu moja. Hakuna binadamu anayeisoma kwa macho. Vibandiko vilichapwa mapema na kumiminwa kwenye mfuko, vikachanganyika kama karata. Ulichukua kimoja, ukakibandika, kishikwambi kikakisoma, ukaandika jina la marehemu na la ndugu yake. Kumbukumbu ya kuunganisha jina na kasha ilikuwa sehemu moja tu, kwenye kanzidata ya Ulimboka. Vishikwambi vyenyewe havikubakiza kitu, visije vikaibwa pamoja na majina. Na karatasi zilipigwa marufuku. Kaimu Mkurugenzi, Bwana Cornel, alitangaza mkutanoni kwamba sisi sasa ni ofisi isiyo na karatasi. Akapigiwa makofi. Nami nilipiga, maana nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Wiki moja kabla kazi haijaanza, Ulimboka alikuja masjala na mchoro wa masanduku mawili na mstari katikati.

"Hii ni seva yetu ya hapa Makole," alisema. "Hii ni pacha wake, iko Singida. Kila kinachoandikwa hapa kinanakiliwa kule kupitia mkonga, ule waya wa mawasiliano uliofukiwa ardhini. Jengo hili likiungua, Singida wanaendelea. Sasa wanataka nichague hali ya ulinzi, na ziko tatu. Ya kwanza, seva ya hapa haikubali kitu chochote mpaka Singida ijibu kwamba imekipata. Singida ikinyamaza, kazi inasimama. Ya pili, inasubiri pale Singida inapopatikana. Isipopatikana, inaendelea peke yake na kumwomba Mungu. Ya tatu haisubiri kabisa. Inaandika hapa, inamwambia mtu tayari, halafu inatuma kule ikipata nafasi."

"Ya kwanza ndiyo masjala," nikamwambia. "Barua haitoki mlango huu mpaka nakala yake iingie jaladani na ipate namba. Mkubwa apige kelele, dereva apige honi, haitoki. Ya tatu ni ya makatibu muhtasi wa siku hizi. Barua imekwenda, nakala 'nitakuletea kesho, mama.'"

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawa mtu mwingine. "Basi naomba ya kwanza. Hawa ni wafu, dada. Mtu hai ukimpotezea jina lake atalitaja mwenyewe."

Akaandika dokezo la kurasa mbili. Nililipeleka kwa Kaimu, likarudi na neno moja la wino mwekundu: Nione. Akaenda kumwona. Bwana Cornel alikuwa kaimu kwa mwaka wa nne, na mtu akikaimu muda wote huo hujifunza kutosaini kitu kinachoweza kumuuma. Alimwambia wananchi hawawezi kusubiri mashine ipige soga na Singida, achague ya haraka. Ulimboka akaandika tena, likarudi Nione. Mara ya tatu jalada nikalishughulikia mwenyewe. Nilingoja Ijumaa saa nane na nusu, nikalichomeka katikati ya majalada ya maombi ya likizo, wakati Kaimu anasaini huku gari lake linanguruma nje. Akasaini yote. Nilijiona shujaa siku ile, nikatembea ofisini kifua mbele.

Siku tano za mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Ndugu alisimama mbele ya kasha lake, jina likaandikwa, zikapita sekunde tatu au nne, kishikwambi kikaandika "Imehifadhiwa". Ulimboka alikuwa ameweka kanuni kwamba ndugu asiondoke wala kasha lisiinuliwe mpaka neno hilo litokee. Nami nilikuwapo, kwani ofisi isiyo na karatasi haikuwa na kazi ya kunipa, ikanipa kugawa maji ya kunywa.

Siku ya sita ilikuwa Jumatano ya mwezi wa kumi. Mwezi huo kwetu jua halina adabu. Saa nne kasoro dakika chache greda moja huko njia ya Bahi ilichimba mkonga ikaukata, na vishikwambi vyote vikaganda. Hali ya kwanza ilikuwa inafanya kile ilichoahidi. Singida imenyamaza, kazi imesimama. Foleni ilikuwa na watu thelathini na saba, kila mmoja na kasha lake chini mbele ya miguu. Makaburi yalikuwa yameshafukuliwa, kwa hiyo hapakuwa na kurudi nyuma, na kasha lisiloandikishwa halikuruhusiwa kuingia kontena. Kivuli hakikuwapo.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Emilia, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, na kasha lake lilikuwa la mtoto. Nilimwamkia kwa Kigogo chetu, "Mbukwenyi," akaitikia na kuniambia aliyemo ni Anna, binti yake, alikufa kwa surua akiwa na miaka sita. Alikuwa amezikwa nyuma ya jiko. Miaka thelathini mama huyu alikuwa akipika na mwanawe yuko hatua kumi nyuma ya ukuta.

Ulimboka akamletea kiti. "Shikamoo mama. Kaa kidogo, mashine imekwama."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Mtoto yuko njiani, nitakaaje mimi?"

Ikapita saa nzima. Ikapita ya pili. Wengine walikuwa wamechuchumaa, lakini walipomwona mama yule amesimama wakaona haya, wakainuka mmoja mmoja, hata wazee wenye fimbo. Nilizunguka na maji mpaka dumu likaisha. Ulimboka alipiga simu Singida, akapiga kwa watu wa mkonga, akajibiwa labda jioni, labda kesho. Saa sita Mama Emilia akapepesuka. Nilimdaka mkono, ulikuwa wa moto na mkavu, naye akaniondoa taratibu akasimama tena.

Ulimboka akanijia na kompyuta yake ameikumbatia kifuani. Uso ulikuwa umemwiva.

"Dada, nikibadilisha kwenda hali ya tatu, wanaondoka sasa hivi. Seva itayashika majina yenyewe, mkonga ukirudi itayatuma Singida yote. Hatari ni ya saa chache tu. Unasemaje?"

"Badilisha, baba," nilimwambia. "Utaua wazima kwa ajili ya wafu."

Maneno hayo ni yangu, sikulazimishwa na mtu. Na lipo jingine ambalo sijawahi kumwambia yeye. Mkobani nilikuwa na daftari na kipande cha chaki. Ningeweza kuandika namba kwa chaki kwenye kila kasha, na namba hiyo na jina daftarini, dakika ishirini zingetosha. Wazo lilinijia kabisa, likasimama mbele yangu kama mtu. Nikalifukuza kwa kinyongo. Walisema karatasi hazitakiwi, nikasema moyoni, basi na wajionee. Hicho ndicho kinyongo changu, na kila siku kinanila.

Akabadilisha. Foleni ilikwisha ndani ya dakika arobaini. Mama Emilia alikuwa wa kwanza, neno "Imehifadhiwa" likatokea kabla hajaondoa macho kwenye kasha. Alimshika Ulimboka mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuone kama ulivyoniona," alisema, halafu ndipo akakaa, chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha. Ulimboka aliona aibu ya kusifiwa, akajifanya anafuta kioo cha kishikwambi.

Saa tisa alasiri tangi lilipasuka.

Mji huu una mgao wa maji, kila mtu anajua, na kila ofisi ina matangi. Letu lilikuwa la lita elfu tano, limewekwa ghorofa ya juu miaka mingi kabla ya seva, juu ya fremu ya chuma ambayo hakuna aliyeipaka rangi tangu ilipochomelewa. Chini yake ndipo palipokuja kuwekwa chumba cha seva, kwa vile ndicho kilichokuwa na mlango imara. Ulimboka aliandika dokezo kuhusu tangi lile pia. Lilirudi na neno Nione. Fremu ilikatika, tangi likaanguka na kupasuka, dari ikashuka na maji yote. Katika mji ambao watu wanaamka alfajiri kukinga ndoo, mashine zetu zilikufa kwa kuzama.

Tulifika kutoka Msalato tukamkuta mfagizi anasukuma maji koridoni kwa ufagio. Ulimboka aliingia na viatu vyake, akasimama mbele ya kabati la seva, maji yakimfika kwenye vifundo. Hakugusa kitu. Baada ya muda akauliza, bila kumuuliza mtu maalumu, kama mkonga umerudi. Ulikuwa haujarudi. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole, kama mtu anayekubaliana na hoja.

Diski zilipelekwa kwa mafundi Dar es Salaam. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, nalo lilikuwa fupi. Singida ilikuwa na kila kitu mpaka saa tatu na dakika hamsini na mbili asubuhi ya Jumatano ile. Baada ya hapo haikuwa na kitu. Makasha thelathini na saba yalikuwa kontena, yamepangwa vizuri, na hakuna aliyejua ni ya nani.

Nilimwona mtu akizeeka. Alikwenda kijijini siku nne mfululizo, akakaa na familia moja moja, akauliza nani alisimama nyuma ya nani, kasha lilikuwa na alama gani. Kila mtu alikuwa na kumbukumbu yake, na hata wangekubaliana isingesaidia, vibandiko vilitolewa mfukoni bila mpango. Hakuwaambia anachotafuta. Aliwaambia anakamilisha taarifa. Akarudi akaandika dokezo: makasha yafunguliwe mbele ya ndugu, huenda mtu akatambua kitambaa, rozari, kifungo cha shati. Nililipeleka mwenyewe, nikasimama mezani mpaka likasomwa. Kaimu akaniambia makasha yamefungwa kwa lakiri ya bwana afya, kuyafungua kunahitaji kibali kipya, kibali ni miezi, na tarehe ya mgeni rasmi imeshapangwa. Akaandika lile neno lake.

Aliporudi Ulimboka kutoka kumwona, alikuwa mweupe midomo. Kaimu alikuwa na ufumbuzi. Majina thelathini na saba yapo, serikali ya kijiji inayo orodha. Vibandiko thelathini na saba vipo. Basi majina yapangwe kwa alfabeti, vibandiko vipangwe kwa namba zake za ndani, zile zinazosomwa na mashine tu, la kwanza liende na cha kwanza mpaka mwisho.

"Akaniambia funika kombe mwanaharamu apite," Ulimboka alisema. "Kila familia itapata kaburi, nani atakuwa amedhulumiwa? Ndivyo alivyoniuliza. Na alikuwa anauliza kweli, dada. Hakuwa anatania."

Alikataa. Siku mbili alikataa. Siku ya tatu nikaletewa barua niiingize kwenye jalada lake binafsi, ikimtaka ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kubadilisha hali ya ulinzi bila idhini ya maandishi. Kaimu akaniagiza nisiipeleke kwanza. "Ikae kwako mpaka nikwambie," alisema. Mchana huo huo Ulimboka alijua kwamba ipo. Sikumwambia mimi. Ofisi yetu haina karatasi, lakini ina midomo.

Nilidhani barua ndiyo itakayomvunja. Sivyo. Alikuja masjala, akakaa kwenye stuli yangu ya kupandia rafu za juu, akasema, "Nikisema ukweli, familia thelathini na saba hazina pa kulilia. Nikinyamaza, wanapo. Nimelipima hili kila upande na kila upande linanikata." Mke wake Miriam alikuwa amemwambia aache kazi, warudi Tukuyu wakalime. "Lakini nikiacha, majina yataingizwa na mtu mwingine, na atakosea hata herufi."

Nilitakiwa kumwambia asifanye. Mtu wa masjala, miaka ishirini na sita, najua hati ya kughushi ni nini. Badala yake nikapanga bahasha ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Akaingiza majina mwenyewe, mchana kweupe, kwenye seva mpya. Nilisimama mlangoni. Mkonga ulikuwa mzima na alikuwa ameirudisha hali ya kwanza. Kila jina liliandikwa, likasubiri Singida, na Singida ikajibu. Mara thelathini na saba ikajibu. Majina ya uwongo yakahifadhiwa kwa ukamilifu katika miji miwili, jinsi ambavyo ya kweli yalistahili kuhifadhiwa. Wanasema wema hauozi. Mimi niliuona ukioza mbele ya macho yangu, na kiyoyozi kikivuma.

Siku ya maziko wafanyakazi walizika makasha asubuhi na mapema kwa kufuata vibao, ndugu wakaruhusiwa kuingia baadaye kwa ajili ya ibada. Palikuwa na hema la mgeni rasmi, viti vyenye vitambaa vyeupe, kwaya za vijiji viwili. Watu walitawanyika kutafuta vibao vyao, wenye kusoma wakiwasomea wasiosoma. Mama Emilia hakutaka kusomewa na mtu yeyote. Alimtafuta Ulimboka. "Nipelekwe na yule kijana mwenye huruma," aliwaambia, nasi tukaenda watatu.

Kibao kilikuwa mstari wa pili. Kimeandikwa Anna, jina la baba yake, na mwaka aliofariki. Mama Emilia alikitazama, akapitisha kidole kwenye maandishi, akatabasamu. Kisha akatazama kaburi. Akatembea kutoka kichwani kwenda miguuni, unyayo kwa unyayo. Akafika mwisho, akageuka, akatembea tena.

"Hili refu," alisema.

Ulimboka akainama kukisoma kibao upya.

"Mwanangu alikuwa hivi." Akaweka mkono kiunoni. "Kasha lake nililibeba mwenyewe. Humu mmemlaza mtu mzima."

Makasha yalikuwa ya vipimo viwili, ya wakubwa na ya watoto. Orodha ya Kaimu ilikuwa na majina, haikuwa na umri. Mimi lile kasha dogo nililiona kwa macho yangu na nikampa maji aliyelibeba, na siku majina yanapangwa halikunijia akilini hata kidogo. Ulimboka naye alimletea mama kiti mbele ya kasha hilo hilo. Tulikuwa na kila kitu cha kutukumbusha.

"Watoto humu wako wangapi?" mama akauliza.

"Watano, mama," Ulimboka alisema. Aliweza kuyahesabu makaburi yao kutoka pale aliposimama, ni vichuguu vifupi, viwili mstari wa kwanza na vitatu kule mwisho.

Akaenda. Alipita kimoja kimoja, akiinama kila mahali, kana kwamba udongo ungemwambia neno. Kimoja kilikuwa na kibao cha mzee wa miaka themanini, na ukoo wake mzima umekizunguka unaimba, watu wazima, wajukuu, mwanamke mmoja akilia kwa sauti. Wenyewe hawakuona, au waliona wakanyamaza. Mama Emilia alisimama nyuma yao kwa muda mrefu. Nilihofu atasema. Hakusema. Alirudi kwetu akitembea polepole zaidi ya alivyokwenda.

"Ni mashine?" aliuliza.

Ninamheshimu Ulimboka kwa jibu alilotoa, ingawa halikumsaidia yeye wala mama yule. Angeweza kusema ni mashine, na asingekuwa ameongopa sana.

"Ni mimi, mama. Siku ile mashine ilikataa kwa sababu ilikuwa inamsubiri mwenzake wa Singida ashike jina la mtoto, ili likipotea kwetu libaki kule. Mimi nikaiambia isisubiri. Nilikuona umesimama juani. Halafu yetu ikafa kabla ya kumwambia mwenzake." Akaweka mkono juu ya kibao. "Kibao hiki nilikiandika mimi vilevile. Nilikisia."

Mama Emilia aliyachukua maneno hayo akayaweka vizuri kichwani. Kiswahili kwake ni lugha ya pili, na nilimwona akiyapitia tena, moja baada ya jingine, ahakikishe ameelewa.

"Ingesubiri mpaka lini?"

Mkonga ulikuwa umerudi siku iliyofuata. "Mpaka kesho yake, mama. Saa tano asubuhi."

"Kesho yake saa tano," alirudia. Akamtazama Ulimboka usoni, bila ukali, kama anavyotazamwa mtoto wa mtu. "Ungeniacha nisimame, mwanangu. Ningesimama."

Kutoka hemani walikuwa wanatuita, mgeni rasmi amefika. Mama Emilia alivua kanga ya kichwani, akaitandika kando ya kaburi la mtu asiyemjua, akapiga magoti akaanza kumlilia Anna, kwa sababu mahali pengine hapakuwapo.